Fedha za Mafuta na Watu wa Visiwani: Mambo Yaliyofanywa Shetland

Wanachama kadha wa kadha wametuuliza, kwa barua na kwa mdomo, swali moja: ikiwa mafuta yatapatikana katika bahari yetu, sisi wakulima wa karafuu tutapata nini? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa ndoto. Wako wasemao kuwa siku mafuta yatakapotoka kila mtu atakuwa tajiri, na wako wasemao kuwa hatutaona hata senti moja. Sisi hatukubaliani na hao wala na hawa. Tumeona bora tuwaeleze habari za visiwa vingine, vyenye watu wachache kuliko vyetu, ambavyo mafuta yalifika mlangoni pao zaidi ya miaka 50 iliyopita. Walifanya mambo ya busara, na walifanya makosa pia. Yote mawili yana faida kwetu.

VISIWA VYENYEWE

Shetland ni visiwa kama 100, vikubwa na vidogo, vilivyo kaskazini ya Scotland. Vinavyokaliwa na watu havifiki 20. Mji wao mkuu ni Lerwick, na meli itokayo Aberdeen husafiri usiku kucha kuufikia. Upepo ni mkali hata miti ni michache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaazi walikuwa kama 17,000 tu, na maisha yao yalikuwa uvuvi, ufugaji wa kondoo na kufuma nguo za sufu. Vijana wengi walikuwa wakihama kutafuta kazi. Hali hii hatuna haja ya kuieleza sana, maana twaijua.

Mwaka 1971 kampuni ya Shell iligundua mafuta mengi chini ya bahari, kaskazini mashariki ya visiwa hivyo, katika eneo lililopewa jina la Brent. Mara kampuni nyingine zikaja. Ilikuwa wazi kuwa mafuta hayo yatahitaji bandari na matangi, na kuwa Shetland ndiyo nchi kavu iliyo karibu. Kabla ya watu wengi kutambua, wafanya biashara wa ardhi walikwisha anza kutafuta haki za kununua mashamba kando ya ghuba iitwayo Sullom Voe, ambako maji ni marefu na meli kubwa zaweza kuingia.

WALISEMA MAPEMA

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Halmashauri ya visiwa haikungoja mafuta yafike ndipo idai. Madiwani wake hawakuwa mabingwa wa mafuta, lakini karani wao mkuu, Bwana Ian Clark, aliwashauri kuwa wakati wa kufanya mapatano ni kabla ya bomba kuwekwa, si baada yake. Mtu akijenga nyumba juu ya kiwanja chako bila ya mapatano, huwezi tena kumwambia bei.

Basi walipeleka mswada wao wenyewe katika Bunge la Uingereza, wakisaidiwa na Mbunge wao, Bwana Jo Grimond. Jambo hilo halikuwa jepesi. Baadhi ya watu wa Shetland wenyewe walipinga, wakihofu kuwa halmashauri inajitwalia nguvu nyingi mno. Lakini mwaka 1974 sheria ilipita. Iliipa halmashauri haki nne ambazo twaomba msomaji azitazame moja moja.

Kwanza, haki ya kununua ardhi ya Sullom Voe, hata kama mwenyewe hapendi kuuza, kwa kumlipa bei yake. Kwa hivyo ardhi ya kituo cha mafuta ilikuwa mali ya watu wa visiwani, na kampuni zikawa wapangaji. Pili, haki ya kuwa mwenye bandari, na kutoza ushuru kila meli iingiayo. Tatu, haki ya kutoa au kukataa ruhusa ya kujenga chochote pwani ya eneo hilo. Nne, haki ya kuweka mfuko wa akiba kwa faida ya wakaazi.

Kwa nguvu hizo halmashauri iliziambia kampuni kuwa hazitajenga ovyo, kila moja na bandari yake. Zote zitumie kituo kimoja. Kazi ya kujenga ilianza mwaka 1975, mafuta ya kwanza yakafika kwa bomba Novemba 1978, na Malkia Elizabeth alikifungua kituo rasmi mwaka 1981. Katikati ya miaka ya 1980 kilikuwa kikipokea zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku.

FEDHA ZILITOKA WAPI

Yafaa tuseme wazi jambo ambalo huwapotosha wengi. Kodi kubwa ya mafuta haikwenda Shetland. Ilikwenda katika hazina ya serikali, London, na Shetland haikupewa fungu lake. Walichopata watu wa visiwani kilikuwa sehemu ndogo kwa kulinganisha na utajiri wote uliopita mlangoni pao. Tofauti ni kuwa sehemu hiyo ndogo iliingia mikononi mwao wenyewe, nao wakaipanga wenyewe.

Iliingia kwa njia nne. Njia ya kwanza ni ushuru wa bandari. Ya pili ni kodi ya ardhi ya kituo, ambayo ilileta mabishano marefu baina ya halmashauri na kampuni. Ya tatu ni kodi ya majengo, ambayo kila mwenye nyumba au kiwanda hulipa kwa halmashauri, na kiwanda hiki kilikuwa kikubwa kweli kweli. Ya nne ndiyo ngeni kwetu, nayo ni fidia ya usumbufu. Kampuni zilikubali kuwa kuja kwao kutawasumbua wenyeji, kwa kelele, wageni, magari, bei za nyumba na hatari ya baharini, na ya kuwa usumbufu huo lazima ulipiwe kila mwaka. Hii haikuwa sadaka wala bahashishi. Ilikuwa haki iliyoandikwa katika mapatano.

Fedha za fidia hazikumwagwa katika matumizi ya kila siku ya halmashauri. Mwaka 1976 ziliwekewa mfuko wa peke yake, wa amana, kwa faida ya wakaazi wote wa visiwa.

MFUKO NI KAMA WAKFU

Watu wetu hawana haja ya kufundishwa maana ya mfuko wa namna hii, kwa sababu twaujua wakfu. Mtu akiacha shamba la minazi kuwa wakfu, shamba haliuzwi wala miti haikatwi. Kinacholiwa ni nazi. Anayekata mnazi wa wakfu ili auze kuni hupata fedha siku moja, na msikiti hukosa taa miaka yote inayofuata.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme kijiji kimepata shilingi milioni 100, kikaziweka mahali panapoleta faida ya 8 kwa mia kila mwaka. Faida ni shilingi milioni 8. Je, zote zaweza kutumiwa? Hapana. Ikiwa bei za vitu zinapanda kwa 5 kwa mia kwa mwaka, basi shilingi milioni 5 lazima zirudi mfukoni, ili milioni 100 za leo zisipungue nguvu yake. Zinazobaki za kutumia bila ya kuudhuru mfuko ni milioni 3. Watu wengi husikia habari hii wakahuzunika, wakaona milioni 3 ni kidogo. Lakini milioni hizo 3, zikipanda pamoja na bei, zitapatikana kila mwaka, na wajukuu wao watazipata. Wakigawana milioni 100 leo, mwakani hakuna kitu.

Sasa tazama Shetland. Fidia iliyolipwa na kampuni mpaka mwaka 2000, mapatano yalipokwisha, ilikuwa kama pauni milioni 81. Mfuko umekwisha tumia zaidi ya pauni milioni 300 kwa kazi za visiwa, na bado mfuko upo, tena una mali nyingi kuliko zile zilizoingia. Hakuna uchawi. Fedha ziliwekwa katika hisa na mali nyingine za namna mbalimbali, na kwa kiasi kikubwa walikula matunda, shina likabaki.

WALIFANYA NINI

Faida ya mfuko ilijenga nyumba za kutunzia wazee, tena si mjini Lerwick peke yake bali na mashambani, ili mzee asitolewe kijijini kwake. Ilijenga majumba ya michezo yenye mabwawa ya kuogelea katika sehemu mbalimbali za visiwa. Twakumbusha kuwa wavuvi wengi wa bahari ile ya baridi hawakuwa wakijua kuogelea. Ilisaidia kuhifadhi majengo ya kale, jumba la makumbusho, muziki na mila. Kwa miaka mingi wazee na wasiojiweza walipewa zawadi ya fedha kila Krismasi.

Vile vile halmashauri ilitumia sehemu ya mapato kuwakopesha wavuvi na wakulima. Sababu yake yatuhusu sisi hasa. Kituo kilipokuwa kikijengwa, wafanya kazi wa ujenzi walikuwa maelfu, na mishahara ilikuwa mikubwa. Viwanda vya samaki na vya nguo za sufu vilikosa watu, maana nani atakaa kufuma au kupasua samaki ilhali mwenzake analipwa mara mbili au tatu kwa kubeba zege? Watu wenye busara waliona kuwa mafuta yatakwisha na ujenzi utakwisha kabla ya mafuta, na kazi ya zamani ikifa haitafufuka kwa urahisi. Kwa hivyo waliilinda.

Kila mwanachama aliyewahi kutafuta wachumaji katika mwaka wa mavuno makubwa aifikirie habari hiyo. Karafuu haimngoji mtu. Ikichanua imekwisha haribika. Mchumaji akipata mshahara mara mbili bandarini, nani atapanda juu ya mkarafuu, na nani atachambua makonyo usiku? Mashamba yakiachwa miaka 10 yakawa vichaka, yatahitaji miaka mingine mingi kurudi.

MAKOSA NA HASARA

Hatutaki msomaji adhani kuwa mambo yote yalikwenda sawa. Tarehe 30 Desemba 1978, mwezi mmoja tu baada ya mafuta ya kwanza kufika, meli Esso Bernicia iligonga gati ya Sullom Voe ilipokuwa ikifungwa, na zaidi ya tani 1,100 za mafuta zikamwagika. Maelfu ya ndege wa baharini walikufa, na kondoo waliokula mwani ufukweni walidhurika. Januari 1993 meli nyingine, Braer, ilipanda mwamba kusini ya visiwa ikiwa na tani kama 85,000. Meli hiyo haikuwa hata ikienda Shetland. Ilikuwa ikipita tu. Wavuvi na wafugaji wa samaki walizuiwa kuuza mazao yao kutoka eneo lile. Basi hatari ya mafuta humfika hata asiyekuwa na fungu ndani yake.

Kosa la pili lilihusu usimamizi. Kwa miaka mingi madiwani wale wale wa halmashauri ndio waliokuwa wasimamizi wa mfuko. Watu walianza kuuliza: mtu akiwa diwani anaomba fedha, kisha akiwa msimamizi anajipa fedha, nani atasema hapana? Mkaguzi wa vyama vya hisani wa Scotland alilikataa jambo hilo, na baada ya mabishano muundo ukabadilishwa, wakaingizwa wasimamizi wasiokuwa madiwani.

Kosa la tatu ni la matumizi. Halmashauri, mbali na ule mfuko wa amana, ilikuwa na akiba zake yenyewe. Mafuta yalipopungua, matumizi hayakupungua. Watu walikwisha zoea huduma nzuri, na kila mwaka akiba ilichotwa ili kuziba pengo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikalazimika kukata matumizi kwa uchungu. Bandu bandu huisha gogo, hata gogo la mafuta. Eneo la Brent lenyewe liliacha kutoa mafuta mwaka 2021. Tangu kugunduliwa mpaka kufungwa ni miaka 50. Iko mikarafuu katika mashamba yetu iliyopandwa kabla ya hapo, na ingali ikizaa.

KISIWA KILICHOPOTEZA

Huenda msomaji akasema: basi tukiwa na mfuko, tumepona. Sivyo. Katika bahari ya Pasifiki kiko kisiwa kidogo kiitwacho Nauru. Utajiri wake haukuwa mafuta bali fosfeti, udongo wa kutengenezea mbolea. Kilipata uhuru mwaka 1968, na watu wake wakawa miongoni mwa matajiri wa dunia kwa hesabu ya mapato ya kila mtu. Wao pia waliweka mfuko wa amana. Walijenga jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne, wakanunua hoteli na ndege, na mwaka 1993 fedha zao zilitumika hata kugharimia mchezo wa kuigiza mjini London, ambao ulianguka. Fosfeti ilipokwisha, madeni yalikuwa makubwa, na jumba la Melbourne likauzwa mwaka 2004. Katikati ya kisiwa palibaki mawe matupu.

Kwa nini mfuko mmoja ulisimama na mwingine ukaanguka? Jina lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika nani atazamaye hesabu, na je, mtu wa kawaida aweza kuuliza na akajibiwa. Shetland madiwani walikuwa wakikutana na wapiga kura wao dukani na gatini kila siku, na hesabu za mfuko zilikuwa zikitolewa na kukaguliwa. Daftari lililofungwa ni shimo.

NA SISI JE?

Habari za mafuta katika visiwa vyetu si mpya. Wazee wanakumbuka kampuni zilivyochimba kutafuta mafuta Unguja na Pemba katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960. Mwaka 1968 mafuta yaliingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Baada ya majadiliano ya miaka mingi, sheria ya mafuta ya mwaka 2015 ilifungua njia ya Zanzibar kusimamia mafuta yake yenyewe, na mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya Zanzibar ya mafuta na gesi. Oktoba 2018 mkataba ulitiwa saini na kampuni ya RAK Gas kwa ajili ya eneo la Pemba na Unguja. Lakini kutia saini si kuchimba, na kuchimba si kupata. Asiuze mtu shamba lake kwa kutumaini mafuta.

Nasi tunao ujuzi wetu wenyewe, tena wa ghali. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu ilipanda sana, na karafuu ndiyo iliyoleta karibu fedha zote za kigeni za Zanzibar. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia. Wao wakapanda mikarafuu yao, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Kila mmoja wetu ajiulize: katika ile neema, ni kitu gani kilichowekwa kikabaki kikileta faida mpaka leo? Hatuulizi ili kumlaumu mtu. Twauliza kwa kuwa neema ikija mara ya pili ni aibu kuipokea kwa kikapu kile kile kilichotoboka.

Kwa hivyo twawashauri wanachama wayajadili maswali haya katika mikutano ya matawi, na kuyapeleka kwa masheha na wawakilishi wao, sasa, ilhali mafuta bado ni habari tu:

1. Ardhi ya pwani ambako bomba au bandari yaweza kuwekwa ni ya nani, na je, itauzwa au itakodishwa?

2. Katika mapato, ni fungu gani litakalorudi katika wilaya na shehia zitakazopata usumbufu, na je, limeandikwa au limeahidiwa kwa maneno?

3. Je, uko mfuko ambao shina lake haliguswi? Nani wasimamizi wake, na je, ndio hao hao watakaoomba fedha?

4. Hesabu zitasomwa wapi, mara ngapi, na kwa lugha gani?

5. Meli ikimwaga mafuta, nani atamlipa mvuvi na mkulima wa mwani, na kwa muda gani?

6. Fungu gani litatumika kuilinda karafuu, yaani miche, barabara za mashambani na ujira wa wachumaji, ili siku mafuta yatakapokwisha tuwe bado na kazi yetu?

Watu 17,000 wa visiwa vya upepo, bila ya jeshi wala utajiri, walikaa meza moja na kampuni kubwa kabisa za dunia wakapata haki yao. Hawakuipata kwa kelele. Waliipata kwa sababu walijua wanataka nini kabla ya kuulizwa, na waliandika. Sisi pia tuna kalamu. Tawi litakalojadili habari hii na lituandikie maoni yake, nasi tutayachapisha katika toleo lijalo.